Dumu Lililofungwa Goshini

Alasiri moja ya msimu wa kusi, katika ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa, ambako mwamba huizuia bahari kuu na kuwaachia watu maji ya kijani yenye upepo mwingi na mawimbi haba, nilikuwa nimeketi chini ya mvinje pamoja na kijana mmoja ambaye kwa muda wa miaka saba hajakosa kuteremsha ubao wake wa tanga majini kila apatapo siku ya mapumziko. Nikamwalika aje Jumapili ifuatayo ashiriki katika resi ndogo ambayo sisi wachache wa ufuo ule tulikuwa tumeazimia kuifanya, naye, huku akilikunja tanga lake kwa uangalifu wa mtu aliyelinunua kwa jasho, akanijibu kwa adabu yote: "Mzee wangu, unisamehe. Mimi sikununua ubao huu nishindane na watu. Baharini nafuata raha."

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kulisema, takriban kwa maneno yale yale, kwa miaka mingi kabla sijatambua nilichokuwa nikikikosa. Lakini neno lile nimekwenda nalo nyumbani, nimelilalia na kuliamkia, na leo nataka kulijibu hadharani, maana kijana yule hayuko peke yake. Hoja yangu ni kwamba mtu apandaye ubao wa tanga kwa raha yake, akitaka kuzidi ustadi, hana mwalimu aliye karibu naye zaidi kuliko resi. Na sababu yake si zawadi wala sifa, bali ni kuwa resi humnyima mtu hiari ya njia.

Msomaji asiyeujua mchezo huu, ambao vijana wetu huuita windisafu, na afahamu kwamba ubao wa tanga ni chombo kisicho na usukani: mlingoti wake umesimama juu ya kiungo kinachopinda pande zote, na mpandaji ndiye usukani na ndiye mizani ya chombo, kwani akiulaza mlingoti nyuma ubao huelekea goshini, yaani upande utokako upepo, na akiulaza mbele hugeukia demani, upande uendako. Wapo waliojaribu kitu cha namna hii mapema, kama Peter Chilvers, mvulana wa Kiingereza, mwaka 1958, na Newman Darby wa Pennsylvania mwaka 1964. Lakini walioomba hataza mwaka 1968 na kuueneza ubao huu duniani ni Wamarekani wawili wa California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake. Ubao wao ulikuwa wa mita 3.65, wenye tanga la mita za mraba 5.2, nao ulikuwa mmoja kwa wote, tajiri na maskini. Kwa hiyo watu walipoanza kushindana, tofauti baina yao ilikuwa tofauti ya mikono, macho na akili, wala si ya mfuko. Nitalirejea jambo hili, kwa sababu ndilo lililopotea baadaye.

Sasa tumtazame mwenda kwa raha, nasi tumtazame kwa mapenzi, kwa kuwa ni ndugu yetu. Hungoja upepo ukolee, akalikaza tanga, akapanda na kuupokea upepo ubavuni, maana huo ndio mwendo mtamu kupita yote. Ubao ukainuka na kuteleza juu ya uso wa maji, akaenda hadi karibu na mwamba, akageuka, akarudi hadi usawa wa mvinje ule ule aliouacha, na kugeuka tena, na tena, hadi jua lipunge. Amesafiri masafa mengi siku hiyo, lakini yote yamo katika mstari mmoja. Fauka ya hayo, pwani yetu ina hila yake: wakati wa kusi mtu atokaye ufukweni huupata upepo mkono wa kulia, na arudipo huupata mkono wa kushoto, basi upande mmoja wa mwili huzoea kupambana na mawimbi ya kwendea, na upande wa pili huzoea safari nyepesi ya kurejea. Lakini kaskazi inapoingia, mwezi wa Disemba, kila kitu hupinduka, nami nimewaona wapandaji wa miaka mingi, walioonekana mwezi wa Agosti kuwa mafundi wakubwa, wakianguka mwezi wa Januari kama watu wanaoanza. Hawakuwa wavivu, wala hawakukosa kipawa. Walikuwa wamechagua kila siku, kwa hiari yao wenyewe, yale waliyokwisha kuyaweza.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mara yangu ya kwanza kushindana tulikuwa watu 12, nasi tuliazimwa mbao za aina moja, ndefu na kuukuu, zenye matanga ya kipimo kimoja. Maboya yalikuwa matatu, na la kwanza liliwekwa goshini kabisa, mahali ambapo kwa miaka yote ile sikuwahi kuwa na haja napo. Chombo cha tanga, kiwe ubao au jahazi, hakiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Hakina budi kubisha, kikate upande huu kisha upande ule, kila mara kikiuweka upepo kwenye pembe ya nyuzi 45 au karibu na hapo, mpaka kwa subira kilifikie lengo. Nilibisha mara 9. Kila nilipogeuka, nikiuzunguka mlingoti kwa hatua ndogo ndogo za kuyumba, ubao ulisimama, tanga likapigapiga, na upepo ukanirudisha demani ukaninyang'anya sehemu kubwa ya nilichokichuma. Na ule ubao mdogo ushukao chini ya tumbo la chombo, ambao kazi yake ni kukizuia kisisukumwe upande, nilikuwa nimeuacha umeinuliwa, kwa kuwa katika mwendo wangu wa siku zote sikuuhitaji na nilikuwa nimesahau hata kwamba upo.

Mbele yangu alikuwapo mtoto wa miaka kama 15, mwana wa mvuvi, aliyeazimwa ubao kama wangu na tanga kama langu, ila lake lilikuwa na kiraka cha turubai karibu na ncha. Alibisha mara 2 tu. Alipotoka kwenye mstari hakufuatana nasi katikati, bali alikwenda pembeni, karibu na fungu la mchanga, mpaka nikadhani amepotea njia. Kisha akageuka mara moja, bila pupa, miguu yake ikipita mbele ya mlingoti kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yao, akaja moja kwa moja juu ya boya. Nilipofika ufukweni, wa mwisho, yeye alikuwa amekwisha kukausha nywele. Nikamwuliza alikuwa akitafuta nini kule pembeni. Akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo la wazi, akasema: "Ami, kule kati maji yalikuwa yanatoka. Mimi nilipita juu ya fungu, hapana mkondo."

Katika maneno yale machache palikuwa na elimu ambayo nilikuwa nimeelea juu yake kwa miaka bila kuigusa. Nilijua, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, kwamba wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kwamba maji yote yale hayana budi kupita mahali. Lakini sikuwahi kulazimika kulifanyia kazi jambo hilo, kwa kuwa mtu aendaye na kurudi kwenye mstari mmoja, mkondo humsogeza kidogo naye asitambue. Na ambalo halikuniruhusu nijitetee ni usawa wa vyombo. Laiti ubao wake ungalikuwa mpya na wangu wa zamani, ningalirudi nyumbani na udhuru na usingizi mzuri. Nilirudi bila udhuru, na juma lililofuata nilikuwa majini saa 12 alfajiri, nikijifunza kugeuka.

Hapo ndipo ninaposema kuwa kunyimwa hiari ndiko kunakofundisha. Boya halijali kama wewe ni hodari wa upepo wa ubavu. Likiwa goshini, utabisha. Likiwa demani, utakwenda na upepo wa tezi, mwendo ambao watu wa raha huuchukia kuliko yote, kwa sababu ubao huyumba, tanga huwa zito na halina pa kuegemea, na wimbi hukujia kwa nyuma usilione. Utaligeuka boya hili kwa mkono wa kushoto na lile kwa mkono huo huo, utake usitake, na ikiwa kugeuka kwako ni kubovu, kutakuwa kubovu mbele ya watu, mahali pale pale, duru baada ya duru, mpaka uone haya na haya izae juhudi.

Na tazama mstari wa kuanzia, ambao kwangu mimi ndio chuo kikubwa kuliko vyote. Katika kanuni za mashindano ya matanga, bendera ya kwanza hupandishwa zikisalia dakika 5, na aghalabu kwa mbao za tanga muda huo hupunguzwa. Ndani ya dakika hizo mtu hana budi kukaa karibu na mstari asiuvuke, katikati ya wenzake waliobanana kama mashua gatini, tanga lake likipumua nusu, mkono wa nyuma ukilifungua na kulifunga kwa kiasi cha vidole viwili, ubao ukisogea shubiri kwa shubiri, kisha sekunde kumi za mwisho alijaze tanga na kuondoka. Mpandaji wa raha anajua kwenda mbio, lakini hajui kusimama, wala hajui kwenda polepole kwa kutaka mwenyewe. Tena hapo hapo hulazimika kuinua macho, kwa kuwa kanuni zataka chombo kilichoupata upepo mkono wa kushoto kikipishe kilichoupata mkono wa kulia, na vikiwa vyote vimeupata mkono mmoja, aliye goshini ampishe aliye demani. Na mtu aliyezoea kuitazama pua ya ubao wake peke yake hujifunza, kwa dakika 5 tu, kuiona bahari nzima iliyomzunguka.

Haya si mageni kwetu hata yahitaji kuletwa na watalii. Huko Lamu, katika siku za Maulidi, mashua hushindana mbele ya mji mzima, na watu wa vijiji husimama upande wa chombo chao kana kwamba heshima ya mababu imefungwa mlingotini; na manahodha wale hawakwenda kujifunza kupanga mwendo mahali pengine popote. Chombo cha tanga la pembetatu kina taabu yake katika kubisha, maana foromali yote, yaani mti ubebao tanga, haina budi kupitishwa upande wa pili wa mlingoti, nalo ni jambo la mikono mingi na la kupoteza masafa. Basi nahodha mwenye akili hubisha mara chache, na kila mara awe amekwisha kuusoma upepo na maji kabla hajatoa amri. Mtoto yule wa miaka 15 alikuwa ameitoa hikima hiyo chomboni kwa baba yake akaihamishia kwenye ubao. Wala baba yake hangoji Maulidi ili ashindane: kila asubuhi, ngalawa zinaporejea kutoka mwambani, ya kwanza kufika hukuta mnada wa samaki ungali na wanunuzi wenye hamu, na zinazochelewa hukuta bei imekwisha kulegea. Hiyo ni resi isiyo na bendera, na imewafundisha wavuvi wetu mambo mengi kuliko darasa lolote.

Wapo wanaodhani kwamba mtu wa resi na mtu wa raha ni majinsi mawili yasiyochangamana, na kwamba anayeanza kuzunguka maboya huupoteza ule uhuru wa mawimbi. Waama, tazama aliyekuwa nembo ya uhuru huo kwa vizazi viwili, Robby Naish, aliyekulia Kailua katika visiwa vya Hawaii: kabla ulimwengu haujamjua kwa kuyapanda mawimbi makubwa, alikuwa mtoto wa maboya, na mwaka 1976, huko Bahamas, alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 13. Au mtazame Lee Lai-shan, ambaye habari zake hunigusa zaidi kwa kuwa zafanana na zetu. Alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Cheung Chau, Hong Kong, kisiwa cha wavuvi, akaanza kupanda ubao akiwa na miaka 12, chini ya mjomba wake aliyekuwa na kituo cha mchezo huo ufukweni. Na mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ambayo mbio zake za matanga zilifanyika Savannah, alishinda dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya Hong Kong katika Olimpiki. Mwaka ule wote walipanda ubao wa aina moja. Binti wa kisiwa hakuhitaji kuwa na tajiri nyuma yake ili ajue kwamba yeye ni hodari. Alihitaji mizani isiyopendelea.

Ama wale wanaosema kwamba resi huharibu mchezo, nami nawapa haki yao pale walipo na haki. Ushindani una ugonjwa wake, nao ni ugonjwa wa vyombo. Tangu ubao wa tanga uingie katika Olimpiki, huko Los Angeles mwaka 1984, aina ya ubao imebadilishwa mara kadhaa, na ule wa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, iliyofanyiwa Marseille kwa upande wa matanga, hauelei tena kama ubao tuujuao, bali huinuka juu kabisa ya maji ukisimama kwenye bawa lililozama chini. Ni kitu cha ajabu na cha kupendeza kukitazama. Lakini kijana wa Diani au wa Jambiani akiambiwa kwamba hiyo ndiyo resi, atarudi nyumbani kwa huzuni, na atakuwa na haki. Nimeona pia mahali ambapo mwenye mapezi matano na matanga manne huwashinda wenzake kwa kubadilisha vifaa, na wenzake hawajifunzi kitu ila wivu. Resi ya namna hiyo siitetei. Ninayoitetea ni ya mbao zinazolingana, na kama hazilingani, basi watu wabadilishane baada ya kila duru, aliyeshinda apande ubao wa aliyekuwa wa mwisho. Fanyeni hivyo mara tatu kwa alasiri moja na kila mtu atajua yakini ni nani anayejua.

Tena yapo mambo ambayo resi haiyafundishi hata kidogo. Haikufundishi kuruka na ubao, wala kulizungusha tanga kwa madaha, wala kulisoma wimbi na kulipanda. Na mtu akishindana kila siku huogopa kujaribu jambo jipya, kwa kuwa jipya huangusha, na kuanguka humpotezea nafasi. Kwa hiyo mimi huwaambia vijana waache siku moja ya juma iwe ya kujaribu na kuanguka, mbali na macho ya watu, na siku nyingine iwe ya maboya. Na anayeanza, ambaye bado anahangaika kulitoa tanga majini, aachwe ajifunze kusimama kwanza. Kumtia katika umati wa mstarini ni kumtia hofu bila faida.

Lakini kuna sababu moja iliyonifanya niandike leo badala ya kuacha mambo yaende, nayo ni ya usalama. Msimu uliopita, mtu mmoja mzima, mwenye ubao mzuri na miaka mingi ya raha, alikuwa mbali karibu na mwamba pale upepo ulipolegea ghafula na maji yakawa yanatoka. Ufuo wake ulikuwa goshini. Tuliokuwa nchi kavu tulimwona akienda huku na huku kwenye mstari wake ule ule aliouzoea, na kila alipogeuka alikuwa demani zaidi, karibu zaidi na mlango wa mwamba, ambako mkondo hutoka kwenda bahari kuu. Hakuwa na uzembe wowote. Alikuwa akifanya kwa bidii jambo moja alilolijua. Wavuvi wawili walimfikia kwa dau wakamleta, ameketi juu ya ubao wake, midomo imemkauka, hasemi. Mwili wake ulikuwa na nguvu za kutosha kurudi, na upepo uliobaki ulitosha pia. Hakujua kubisha katika upepo mdogo, jambo ambalo mtoto yeyote aliyeshiriki resi kumi hulifanya huku akipiga mluzi. Nilimkumbuka mtu huyu nilipokuwa chini ya mvinje nikisikiliza neno la raha, na ndiyo maana lilinikaa moyoni.

Jumapili ile tulifanya resi yetu kama tulivyoazimia. Hatukuwa na maboya. Tulikuwa na madumu matatu ya manjano ya mafuta ya kupikia, yamefungwa kwa kamba za katani kwenye vipande vya matumbawe, na la goshini tulilipeleka mbali kuliko ilivyopasa, kwa makusudi. Tulikuwa watu 7, mabinti 2 miongoni mwetu, na mbao zetu hazikulingana, basi tulibadilishana. Kijana wangu alikuja akakaa pale pale chini ya mvinje, akatazama duru ya kwanza bila kusema neno, na ya pili akiwa amesimama. Kabla ya duru ya tatu nilimwona akivua saa yake na kumpa mwenzake amshikie, akaja majini hadi magotini, akauliza kwa sauti iliyoshindana na upepo, dumu lile la goshini laachwa mkono gani.